Maski Inapoteleza: Jinsi ya Kutafuta na Kurekebisha Kosa Kwenye Maski Zinazotembea

Kazi za video zinazotoka Arusha na Moshi siku hizi haziepuki maski. Kampuni ya utalii inataka jina lake lipite nyuma ya Land Cruiser inayozunguka mnara wa saa. Maharusi wanataka majina yao yasimame kati yao na Mlima Kilimanjaro. Kwaya inataka kibao cha duka kilichoingia kwenye picha kifutwe. Zote hizo ni kazi za maski: unachora mstari kuzunguka kitu, programu inakata kilicho ndani au nje ya mstari huo, kisha mstari unatembea na kitu mpaka mwisho wa klipu.

Maski ikikaa vizuri hakuna anayeiona. Ikiharibika, hata mama wa bibi harusi ambaye hajawahi kugusa kompyuta ataona kwamba bega la mwanawe limeliwa na herufi, na picha hiyo itabaki kwenye familia miaka yote. Kwa hiyo inastahili kurekebishwa, hata kama mteja amesema "inatosha".

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari anajua kuchora maski, lakini maski yake inateleza, inachemka (inatetemeka) pembeni, inajisokota au haitembei kabisa. Nitatumia majina ya programu ya After Effects kwa kuwa ndiyo ninayoifungua kila siku, na nitataja programu za DaVinci Resolve na Blender pale zinapotofautiana. Neno "fremu-funguo" hapa lina maana ya zile almasi ndogo kwenye taimlaini zinazotunza umbo la maski kwa wakati fulani.

Kuna jambo moja nitalirudia mara kwa mara: tenganisha safari ya kitu na umbo la kitu. Gari likisogea kutoka kushoto kwenda kulia, hiyo ni safari. Likigeuka na kuonyesha ubavu, kisha mgongo, hilo ni badiliko la umbo. Makosa mengi ya maski yanatokana na kuibebesha kazi zote mbili kwa wakati mmoja, halafu kujaribu kuiokoa kwa kuongeza fremu-funguo.

Hatua ya 1: Kagua klipu kabla ya kugusa maski

Bofya klipu kwenye paneli ya mradi usome idadi ya fremu kwa sekunde, kisha fungua mipangilio ya komposisheni, yaani ule uwanja wa kazi unamopanga klipu zako, ulinganishe. Mara nyingi kamera zetu zinawekwa fremu 25 kwa sekunde, na simu hurekodi 30. Ukiweka klipu ya 25 ndani ya komposisheni ya 30, kila fremu 5 za klipu zinalazimika kujaza nafasi 6, kwa hiyo fremu moja inarudiwa. Picha imesimama lakini maski inaendelea kutembea. Utaona ukingo unaruka mara tano kila sekunde, kwa mpigo uleule, na hata usogeze nukta ipi, hautatulia. Dawa ni kuifanya komposisheni ifuate klipu. Kama mteja anataka idadi nyingine ya fremu, utabadilisha wakati wa kutoa kazi.

Simu zina tatizo la pili. Nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika-badilika, hasa mwanga unapopungua. Fungua faili kwa MediaInfo, ambayo ni ya bure, uangalie kama kasi ya fremu imeandikwa "Variable". Kama ni hivyo, pitisha klipu kwenye HandBrake kwanza, nayo ni ya bure, ukichagua "Constant Framerate". Ukiichorea maski bila kuigeuza, inaweza kukaa sawa ukiiangalia mezani, kisha ikaachwa nyuma fremu moja au mbili baada ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika.

Klipu iliyokuja kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa. Kingo zake zimekuwa vigae vidogo vinavyobadilika kila fremu, na traka, ile zana ya programu inayofuata mwendo wa kitu, haiwezi kushika kitu kinachobadilika sura hivyo. Mwombe aliyeituma aitume upya kama dokumenti. Ni dakika chache za bando dhidi ya usiku mzima wa kazi.

Kwa picha za ukumbini, angalia kama mwanga unapigapiga. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde inatuliza mwanga; shata isiyoendana na umeme inaacha mawimbi ya giza yanayopita kwenye picha, na traka huyafuata mawimbi hayo ikidhani ni kitu. Mwambie mpiga picha wako mapema, maana kulirekebisha hilo mezani ni kazi ngumu kuliko maski yenyewe.

Hatua ya 2: Maski haikati, haionekani au haitembei

Haya ni madogo, yapitie haraka.

Mstari upo lakini haukati: angalia pembeni mwa jina la maski kwenye taimlaini. Pakiwa pameandikwa "None", mstari upo tu bila kufanya kazi. Weka "Add" kubakiza kilicho ndani, au "Subtract" kukiondoa. Huenda pia ulichochora si maski bali umbo jipya. Kalamu huchora umbo ukiwa hujachagua leya (tabaka la picha kwenye taimlaini) yoyote, au ukiwa umechagua leya ya maumbo. Chagua leya ya video kwanza, ndipo uchore.

Mstari hauonekani: bonyeza Ctrl+Shift+H, kwa Mac ni Cmd+Shift+H. Kuna kitufe pia chini ya dirisha la picha cha kuficha na kuonyesha mistari ya maski.

Unasogeza vitu na picha haibadiliki: zima Caps Lock. Kwenye After Effects kitufe hicho kinazuia dirisha la picha kujisasisha.

Maski haitembei: chagua leya, bonyeza M, utaona "Mask Path" na saa ndogo mbele yake. Saa isipowashwa, kila unachosogeza kinabadilisha umbo la klipu nzima. Iwashe kwenye fremu ambayo umbo lake limekaa sawa, kisha uende mbele. Kwenye Blender hakuna saa hiyo. Unabonyeza I kutunza umbo kwenye kila fremu unayotaka.

Kwenye ukurasa wa Fusion wa DaVinci Resolve kosa linakuja kwa upande mwingine. Maski ya "Polygon" huanza kutunza fremu-funguo yenyewe tangu unapoichora. Fundi anadhani anarekebisha umbo la jumla, kumbe anaacha fremu-funguo kila anaposimama, na maski inaanza kucheza bila kuombwa. Kama unataka umbo lisilobadilika, bofya kulia pale chini ya mipangilio palipotajwa "Shape Animation" uondoe uhuishaji huo.

Hatua ya 3: Jiulize ni nani anayetembea

Hapa ndipo penye kazi, na hapa usiwe na haraka.

After Effects hufuata mpangilio wake kwa kila leya: maski kwanza, efekti baadaye, na mwisho ndipo mahali, ukubwa na mzunguko wa leya vinapohesabiwa. Maana yake, leya ikiwa inasogea, maski tayari inabebwa nayo. Ukiisogeza na maski pia, mwendo unakuwa mara mbili, na maski inakimbia mbele ya kitu chake. Chagua leya ubonyeze U. Fremu-funguo zote za leya hiyo zitajitokeza. Ukiona "Position" na "Mask Path" zote zina almasi, amua moja ibaki.

Tuchukue ile Land Cruiser. Kamera iko kwenye tripodi, gari linaingia, linazunguka mnara wa saa, linatoka, na jina la kampuni linatakiwa lionekane nyuma yake. Wengi huchora maski ya gari juu ya klipu, wanawasha saa, wanasogea fremu tano, wanarekebisha nukta zote, wanasogea tena. Baada ya saa mbili wana almasi kila mahali na ukingo unaotetemeka.

Fanya hivi badala yake.

Kwanza, traki gari peke yake kwa "Track Motion", ukiwasha mahali na ukubwa. Weka visanduku vya traka kwenye sehemu mbili ngumu zenye utofauti mkali wa mwanga, kama pembe mbili za keria ya juu. Usishike kioo, kwa sababu kioo kinaakisi miti na watu, na mwakisi una mwendo wake. Usishike vumbi wala tairi.

Pili, tengeneza leya tupu, ile inayoitwa "Null Object", na umimine matokeo ya traka humo. Sasa leya hiyo inasafiri na gari.

Tatu, tengeneza leya ya rangi moja yoyote, iwe kubwa kuliko picha yenyewe, uifunge kwenye leya tupu. Ukubwa huo una sababu: maski haiwezi kuchora nje ya mipaka ya leya yake, na ulaini wa ukingo ukifika mpakani unakatika kwa mstari mkavu.

Nne, chora maski ya gari kwenye leya hiyo ya rangi.

Tano, weka nakala ya klipu juu ya maandishi, na kwenye safu ya "Track Matte", inayofanya leya moja ikatwe kwa umbo la nyingine, ielekeze kwenye leya ya rangi. Kuanzia toleo la 2023 unaweza kuchagua leya yoyote. Matoleo ya nyuma yanadai leya hiyo ikae juu ya klipu moja kwa moja.

Cheza klipu kabla ya kuwasha saa ya maski. Utaona maski inafuata gari yenyewe, na kilichobaki ni umbo tu. Kazi imepungua sana, na muhimu zaidi, ukikosea umbo hujaharibu safari.

Programu nyingine zina njia zao za jambo hilihilo. Blender inakuruhusu kuchagua nukta za maski na kuzifunga kwenye alama ya traka kwa Ctrl+P. Mocha AE, inayokuja ndani ya After Effects, inatraki uso bapa mzima badala ya nukta moja, na kwa ubavu wa gari au ukuta ndiyo naiamini kuliko zote. Kwenye ukurasa wa rangi wa DaVinci Resolve, traka ya dirisha ina hali mbili, "Clip" na "Frame". Ukirekebisha dirisha ukiwa kwenye "Clip", badiliko linahusu safari nzima. Ukiwa kwenye "Frame", unatunza fremu-funguo mahali uliposimama. Kama umewahi kurekebisha mwisho wa klipu ukakuta mwanzo umeharibika, sababu ni hiyo.

Hatua ya 4: Weka fremu-funguo chache, mahali pake

Usiweke fremu-funguo kila baada ya fremu tano kwa mazoea. Tazama klipu mara kadhaa bila kugusa kitu, utafute mahali ambapo mwendo au umbo linabadilika mwelekeo. Kwa gari letu: linapoingia, linapoanza kukata kona, ubavu unapoonekana wote, mgongo unapojitokeza, linapotoka. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari litazunguka mnara kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kwa hiyo unajua mapema ni upande upi utafichwa na upi utafunguka. Weka umbo kwenye sehemu hizo tu.

Baada ya hapo, nenda katikati ya fremu-funguo mbili. Kama ukingo umekaa, songa mbele. Kama umeachana na gari, rekebisha hapo, halafu kagua katikati ya kila nusu. Ukifanya hivyo utashangaa jinsi almasi zinavyokuwa chache, na ukingo unatulia kwa sababu programu yenyewe ndiyo inayojaza kati.

Lakini lazima ujue inajaza vipi. Kila nukta ya maski inakwenda kwa mstari mnyoofu kutoka umbo moja hadi lingine. Kitu kinachozunguka hakiendi hivyo. Kinakwenda kwa upinde. Chora mstatili, uuzungushe nyuzi 90 kati ya fremu-funguo mbili, uangalie katikati: umenywea mpaka asilimia 71 hivi ya ukubwa wake. Uzungushe nyuzi 180, katikati unakuwa nukta moja. Kwa mzunguko wa nyuzi 30 unanywea kwa asilimia 3 tu, ambayo jicho halioni. Basi kanuni yangu: kitu kikizunguka, nisiruhusu zaidi ya nyuzi 30 kati ya fremu-funguo. Au bora zaidi, mzunguko nauweka kwenye leya tupu, kwa sababu mzunguko wa leya hufuata upinde wa kweli. Mkono unaopunga, usukani, bawa la ndege aina ya marabu: yote ni hayo.

Kasi nayo ina mtego. Chukua video ya morani wa Kimaasai akiruka. Anapotoka ardhini ana kasi kubwa, akifika juu anasimama kidogo, kisha anashuka kwa kasi. Ukiweka fremu-funguo miguu inapoachana na ardhi na nyingine akiwa kileleni, maski itapanda kwa kasi moja. Nusu ya muda ikifika, maski iko nusu ya urefu, lakini yeye tayari yuko robo tatu, kwa sababu uvutano wa dunia unampunguza kadiri anavyopanda. Kichwa kitatoka nje ya maski katikati ya kila mruko. Chagua fremu-funguo ya kileleni ubonyeze Shift+F9 ili maski iingie taratibu, na kwa upande wa kushuka itoke taratibu kwa Ctrl+Shift+F9. Kama bado haijakaa, ongeza fremu-funguo moja katikati ya kupanda na moja katikati ya kushuka.

Morani huyohuyo anafundisha jambo lingine: usimzungushie mtu maski moja. Kichwa na shingo kipewe maski yake, kiwiliwili yake, kila mkono yake, fimbo yake, na lile pindo la shuka linalopepea lipewe yake peke yake. Maski ya kiwiliwili itahitaji almasi chache sana. Ya shuka zitakuwa nyingi, na hiyo ni sawa, kwa kuwa vurugu zimebaki sehemu moja. Hakikisha zinalaliana vizuri. Zikigusana pembeni tu, ulaini wa kingo utaacha ufa unaoonyesha kilicho nyuma.

Ukingo ukiwa tayari unachemka, yaani unatetemeka hata kitu kikiwa kimetulia, ujue una fremu-funguo nyingi mno. Tengeneza nakala ya leya, futa almasi zote isipokuwa zile za mabadiliko ya kweli, uanze kugawa nusu kwa nusu kama nilivyoeleza. Inauma kufuta kazi ya saa mbili, lakini kuirekebisha almasi moja moja kutachukua muda mrefu zaidi na haitatulia.

Hatua ya 5: Umbo linajisokota katikati

Maski iko sawa mwanzo na mwisho, ila katikati inajigeuza kama nguo inayokamuliwa. Programu imekosea ni nukta ipi iende wapi. Kila maski ina nukta ya kwanza, na fremu-funguo zinalinganishwa kuanzia nukta hiyo. Ukinakili umbo kutoka maski nyingine, au ukichora upya kwenye fremu ya mbali, nukta ya kwanza inaweza kuwa kichwani hapa na miguuni kule. Simama kwenye fremu-funguo yenye kosa, chagua nukta inayolingana na ile ya kwanza ya umbo lililotangulia, bofya kulia, na kwenye menyu ya maski uchague "Set First Vertex".

Sababu nyingine ni kuongeza nukta katikati ya kazi. Kwenye mipangilio ya jumla kuna chaguo la kuhifadhi idadi ya nukta unapohariri maski. Likiwa limewashwa, nukta unayoongeza inaongezwa kwenye fremu-funguo zote. Likiwa limezimwa, inaongezwa hapo tu, na programu inaanza kukisia. Liwashe. Hata hivyo ni vizuri zaidi kuchora maski ya kwanza kwenye fremu ambayo kitu kina umbo tata kuliko zote, ili nukta zitoshe tangu mwanzo. Kwa Land Cruiser, fremu hiyo ni pale ubavu na mgongo vinapoonekana pamoja.

Kila nukta ishike mahali pake mwanzo hadi mwisho. Nukta ya kioo cha pembeni ibaki ya kioo cha pembeni. Ukiiacha itembee kuelekea mlangoni, ukingo utaonekana unatiririka juu ya bodi hata kama kila fremu peke yake iko sahihi.

Hatua ya 6: Traka ya maski imepotea njia

"Track Mask" ya After Effects inasoma kilichomo ndani ya maski. Kama nusu ya ndani ni kitu na nusu ni mandhari, itafuata vyote viwili na kuishia kusikofaa. Kwa kutraki, ibane maski iwe ndani ya kitu kabisa, utaipanua baadaye. Chagua njia kulingana na mwendo: uso wa msemaji aliyekaa unatosheka na mahali na mzunguko, ubao unaoonekana kwa mshazari unahitaji "Perspective". Ukichagua "Perspective" kwa kitu laini kama nguo, maski itaanza kujivuta.

Bodaboda akikatiza mbele ya unachofuata, simamisha traka kabla hajagusa, ruka mpaka aishe kupita, weka maski kwa mkono, uendelee kutraki kutoka hapo. Fremu za katikati zifute almasi zake zote. Traka hii huacha almasi kila fremu, kwa hiyo usianze kurekebisha umbo juu yake. Itumie kwa vipande vifupi, na kwa kazi ndefu rudi kwenye njia ya leya tupu.

Hatua ya 7: Slomosheni na kutuliza picha

Video za harusi zina slomosheni nyingi, na maski nyingi hufia hapo. Ukitumia "Time Remapping" kupunguza kasi ya klipu, picha ndiyo inayopungua; fremu-funguo za maski zinabaki mahali pake kwenye taimlaini. Bibi harusi anatembea polepole, maski yake imeshafika kwenye gari. Chagua leya, tumia "Pre-compose" ukihamisha kila kitu ndani ya komposisheni mpya, halafu punguza kasi ya komposisheni hiyo. Picha na maski zitapungua pamoja.

Kutuliza picha kunafuata mantiki ileile. Efekti ya "Warp Stabilizer" inafanya kazi baada ya maski kwenye leya moja, kwa hiyo mstari unaouchora na picha unayoiona haviko mahali pamoja. Tuliza kwanza, weka ndani ya komposisheni yake, kisha chora maski juu ya picha iliyokwisha kutulia.

Hatua ya 8: Ukingo, na shela

Weka leya ya rangi kali chini ya kitu ulichokata, kijani au zambarau, ucheze kwa kasi ya kawaida. Makosa ambayo mandhari ilikuwa inayaficha yatajionyesha. Ukiona mstari wa rangi ya mandhari ya zamani pembeni, punguza "Mask Expansion" kwa pikseli 1 au 2 kwenda hasi. Ulaini wa ukingo, kwa picha ya 1920 kwa 1080, mara nyingi pikseli 1 hadi 3 zinatosha. Ukizidisha, mtu anapata mwanga wa ajabu kuzunguka mabega. Ulaini uige picha yenyewe: kitu kilicho kwenye fokasi kipate ukingo mkali, kilicho nje ya fokasi kipate ukingo laini. Kitu kinachokwenda kasi kina ukungu wa mwendo. Maski nayo iwashiwe ukungu huo kwenye swichi ya leya na ya komposisheni, la sivyo itaonekana imekatwa kwa mkasi.

Shela halikatiki kwa maski ya kawaida, kwa sababu linaonyesha kilicho nyuma yake. Ukilikata kwa mstari, utabeba na mandhari ya zamani ndani yake. Tumia maski mbili kwenye nakala mbili za klipu. Ya kwanza ni ngumu: kichwa, mabega, mwili. Ya pili ni pana na laini, inazunguka shela lote, na ndani yake unatumia mwangaza wa picha kama mkataji badala ya mstari: kilicho cheupe kinabaki, cheusi kinapotea. Njia hii inafanya kazi nyuma pakiwa na giza, kwa mfano bibi harusi akisimama mbele ya mlango wa kanisa ulio wazi. Nyuma pakiwa na anga jeupe la mchana au theluji ya Kibo, mwangaza wa shela na wa mandhari unafanana, na hakuna mpangilio utakaozitenganisha vizuri. Hapo ushauri wangu ni kusogeza maandishi juu au pembeni, yasipite nyuma ya shela kabisa. Mteja akionyeshwa matoleo mawili, hachagui lile lenye kingo chafu.

Hatua ya 9: Kutoa kazi

Weka hifadhi ya otomatiki kila dakika 5, maana umeme hautoi taarifa. Kama unapeleka kitu kilichokatwa kwa fundi mwingine au programu nyingine, usitumie muundo wa video wa H.264, haubebi uwazi. Muundo wa ProRes 4444 unabeba.

Fundi huyo akikupigia simu kwamba kuna mstari mwembamba mweusi kuzunguka kitu, usirudi kwenye maski. Mwambie abofye kulia faili hilo kwenye paneli ya mradi, afungue "Interpret Footage", na kwenye sehemu ya alfa (uwazi) abadilishe kutoka "Straight" kwenda "Premultiplied" yenye rangi nyeusi.